Mikataba ya kusaidiana wakati wa balaa: sisi wa Lamu na Malindi tutetee upi?

Kama BMU yenu (kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo), kikundi cha kina mama au vijana wa mtaa mmeitwa kutoa maoni kuhusu mkataba wa usalama kati ya Kenya na nchi nyingine, au mnataka wenyewe kuandika memoranda mpeleke bungeni, someni hii kwanza. Mikataba ya kushirikiana kwenye operesheni za dharura haiko aina moja, iko kama tano hivi, na kila aina inamweka mwananchi wa pwani mahali tofauti kabisa. Mimi msimamo wangu ninao na nitausema waziwazi, lakini nitaileta yote moja moja muione wenyewe.

Na sisi huku mambo haya si ya mbali jamani. Septemba 2011 watalii walivamiwa Kiwayuu, Oktoba mosi mama wa Kifaransa akachukuliwa Manda, katikati ya mwezi huohuo jeshi letu likavuka mpaka kuingia Somalia na mwaka uliofuata likaingizwa AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika huko Somalia. Uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku miaka na miaka, wavuvi wa Pate na Kizingitini wanajua waliishi vipi. Juni 2014 yakawa mauaji ya Mpeketoni. Januari 5, 2020 kambi ya Manda Bay ikavamiwa alfajiri na Wamarekani 3 wakauawa. Watu wanakumbuka risasi na maiti, na ni haki yao, lakini nyuma ya kila askari mgeni unayemuona Mokowe na kila askari wetu anayepelekwa ng'ambo kuna karatasi imetiwa saini, na ndani ya karatasi hiyo kuna majibu ya maswali manne ambayo mimi huyatafuta kabla ya kitu kingine chochote: nani anatoa amri, nani analipa, askari akikosa anashtakiwa wapi, na aliyeumizwa au aliyeharibiwa mali anadai kwa nani.

Tuanze na mkataba wa Umoja wa Ulaya, kwa sababu ndo umeandikwa kwa mpangilio kuliko yote na ukishauelewa huo mingine utaipitia upesi. Umoja wa Ulaya hutuma operesheni zake nje, za kijeshi na za kiraia, na nchi isiyokuwa mwanachama ikitaka kushiriki inaweza kusaini mkataba wa jumla wa ushiriki. Unasaini mara moja, alafu kila operesheni ikija hamuanzi mazungumzo upya, mnapatana tu watu wangapi na vifaa gani. Kabla ya hapo kila operesheni ilikuwa na mkataba wake, na huku watu wanapigana au wanazama makaratasi yako bado kwenye meza za mawakili. Kanada na Ukraine walisaini 2005, Uturuki 2006, baadaye wakaja Serbia, New Zealand, Chile, Colombia, Vietnam na wengine, na Marekani nayo ikasaini 2011 lakini kwa operesheni za kiraia peke yake. Ile operesheni Atalanta ya kupambana na maharamia iliyoanza Desemba 2008, hii ya bahari yetu, imewahi kuwa na meli za kivita kutoka Norway, Ukraine na Colombia, nchi ambazo hazimo kwenye Umoja wa Ulaya.

Sasa maswali manne. Amri: nchi yako inabaki na amri kamili juu ya askari wake na inaweza kuwarudisha nyumbani, lakini amri ya kazi ya kila siku inakabidhiwa kamanda wa Ulaya. Mnapewa kiti kwenye kamati ya wachangiaji, mnasikizwa kuhusu uendeshaji, ila uamuzi wa kuanzisha operesheni, kuibadilisha au kuifunga unabaki kwao na wameandika hivo bila kuficha. Malipo: unajilipia. Mafuta ya meli, posho, bima, vipuri, yote juu yako. Zile gharama za pamoja nchi inaweza kusamehewa kama mchango wake ni mkubwa au pato la mwananchi wake halizidi la nchi yoyote mwanachama, kwa hivyo nchi kama yetu ingesamehewa hapo, lakini mzigo wenyewe ulio mkubwa unabaki palepale. Mashtaka: askari akikosa, nchi yake ndo yenye mamlaka juu yake. Madai: nchi iliyomtuma ndo inajibu, na serikali zenyewe kwa zenyewe zinasameheana madai isipokuwa uzembe uliopita kiasi au makusudi.

Mimi nauona ni mkataba safi kwa nchi yenye hela na meli zake, inayotaka kuingia haraka na hainuni ikikosa kura. Kwa Kenya naona haufai saa hii. Meli zetu za doria ni chache na zinahitajika hapahapa, na huwezi kumwambia mtu wa Kiunga kwamba boti imeenda kazi ya Ulaya kwa mafuta yetu wenyewe na sisi wala hatukuwa kwenye kikao kilichoamua iende. Kitu kimoja ningekiiba kwenye huo mkataba, nao ni ule utaratibu: kila kifungu kiko mahali pake, ukitafuta madai unayapata, ukitafuta gharama unazipata.

Aina ya pili ni barua za kubadilishana kwa jambo moja tu. Hii Kenya tumeionja. Machi 6, 2009 Kenya na Umoja wa Ulaya walibadilishana barua, Kenya ikakubali kupokea washukiwa wa uharamia waliokamatwa na meli za Atalanta ili washtakiwe Mombasa. Barua ziliweka masharti mazuri ya haki za washukiwa, wasiteswe, wasihukumiwe kunyongwa, wafikishwe mahakamani upesi, na msaada ukaja, mahakama ya Shanzu ikajengwa kupitia UNODC, ofisi ya UN ya dawa za kulevya na uhalifu, na kufunguliwa 2010. Lakini kazi ikawa nyingi kuliko ilivyodhaniwa. Mahakama zetu zilikuwa na mrundiko wake tayari, gereza la Shimo la Tewa limejaa, mashahidi ni mabaharia walioko pande zote za dunia na lazima waletwe watoe ushahidi, alafu washukiwa hata wakimaliza kifungo warudishwe wapi. Aprili 2010 serikali ikasema imetosha, ikatoa notisi ya miezi sita. Novemba mwaka huo jaji wa Mombasa akaamua korti zetu hazina mamlaka juu ya makosa yaliyotendeka bahari kuu, na ikabidi Mahakama ya Rufaa ije iutengue uamuzi huo Oktoba 2012.

Kwa hivyo barua kama hizi uzuri wake ni wepesi wa kuingia na kutoka. Miezi sita na mmetoka, na ule wa Ulaya wa jumla huna hata haja ya kuutoka hivo kwa sababu unashiriki pale unapotaka tu, lakini barua ya jambo moja inakubana siku zote ambazo iko hai. Ubaya wake ni kwamba inaandikwa kwa haraka ya siku ile na anayebeba mzigo hajaulizwa. Ukiletewa ya namna hii, uliza kitu kimoja tu: gharama ya mwaka wa tatu iko wapi, manake mwaka wa kwanza wafadhili huwa wapo.

Aina ya tatu ni ya nchi mbili, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, kwa sababu ndo inayotugusa Lamu kuliko zote na ndo ngumu kuiona.

Katiba yetu kifungu cha 240(8) kinasema Baraza la Usalama la Taifa linaweza, kwa idhini ya Bunge, kupeleka majeshi yetu nje na kukubali majeshi ya kigeni kuwekwa Kenya. Kwa idhini ya Bunge. Alafu kuna sheria ya mikataba ya 2012 inayotaka mkataba upelekwe bungeni na wananchi washirikishwe kabla ya kuridhiwa. Mpaka hapo vizuri. Lakini sheria hiyohiyo imetoa nje makubaliano ya nchi mbili yanayohusu shughuli za serikali au mambo ya kiufundi, kiutawala na kiutendaji. Huo mlango ni mpana. Karatasi ya kujenga banda la ndege unaweza kuiita ya kiufundi, karatasi ya kufundisha askari unaweza kuiita ya kiutendaji, na ikishaitwa hivo hakuna kikao uwanjani Mkunguni, hakuna tangazo gazetini, hakuna nafasi ya mtu wa Magogoni kuuliza boti yake ya nyavu itapita wapi zoezi la kijeshi likianza.

Si kwamba zote hupita gizani. Mkataba wa ulinzi na Uingereza uliosainiwa 2021 ulipelekwa Bunge la Kitaifa, na jambo lililowachoma wabunge zaidi lilikuwa hilo la askari wa kigeni akiua Mkenya ashtakiwe wapi. Hilo ndo swali, na linatakiwa kuulizwa kwa kila mkataba, wa nchi yoyote ile, si Waingereza peke yao.

Na ukitaka kuona korti inavyoweza kusimamisha mambo, angalia Haiti. Oktoba 2023 Baraza la Usalama la UN likapitisha azimio 2699 kuruhusu kikosi cha kimataifa kikiongozwa na Kenya. Januari 26, 2024 Mahakama Kuu Nairobi ikasema polisi hawawezi kupelekwa huko hivihivi, kwanza Baraza la Usalama la Taifa lina uwezo wa kupeleka majeshi na si polisi, na polisi kwenda nchi nyingine lazima kuwe na makubaliano ya pande zote mbili na nchi hiyo. Machi 1 makubaliano yakasainiwa Nairobi mbele ya waziri mkuu wa Haiti wa wakati huo, na Juni 2024 kikosi cha kwanza kikaondoka. Sasa ona: azimio la UN lilikuwepo tayari, lakini mbele ya jaji kilichotafutwa ni karatasi ya nchi mbili. Ndo nguvu ya aina hii. Inasainiwa siku moja na inafungua mlango ambao azimio zima la dunia halikuufungua.

Kwa hivyo wa nchi mbili ni wa haraka kuliko yote, na pia ndo wenye hatari zaidi kwa raia wa kawaida, kwa sababu masharti yake yanategemea nani ana nguvu kwenye ile meza siku ile. Mimi siukatai. Huku mpakani tunahitaji msaada na atakayesema hatuhitaji hajalala Basuba wala Kiunga. Ninachokataa ni kuukubali bila kifungu cha madai kinachosema mtu akiumizwa ofisi gani inapokea dai lake, wapi, na ndani ya siku ngapi.

Ya nne ni ile ya majeshi ya pamoja, UN, Umoja wa Afrika na jeshi la akiba la Afrika Mashariki. Hapa nitaenda mbio. UN ndo inalipa kwa uhakika zaidi: nchi inarudishiwa kiasi maalum kwa kila askari kwa mwezi, dola 1,428 tangu Julai 2018 na 1,448 tangu Julai 2022, na vifaa vyake vinahesabiwa kama vya kukodi. Amri iko kwa UN, mashtaka yanabaki kwa nchi ya askari. Kwenye madai ndo pana doa. Tangu 1998 Baraza Kuu liliweka kikomo cha dola 50,000 kwa mtu aliyeumia au kuuawa, na hiyo ni pale dai linapokubaliwa. Haiti kipindupindu kilichoingia 2010 kupitia kambi ya walinda amani kiliua maelfu ya watu na 2013 UN ikasema madai yao hayapokeleki. Wakaja kuombwa radhi 2016. Radhi hairudishi mtu, lakini tujue tu kwamba kofia ya buluu nayo haimlindi mwenye kudai kama watu wanavyodhani.

Umoja wa Afrika ndo tumeishi nao hapa jirani, Ras Kamboni iko pua na mdomo na Kiunga. AMISOM ilianza 2007, ikageuka ATMIS 2022, na tangu Januari 2025 ni AUSSOM. Amri ni ya Afrika, na nilikuwa nikitamani niishie hapo kwa fahari, lakini posho kwa miaka mingi ilikuwa inatoka Ulaya na 2016 walipoikata asilimia 20 kila mtu alisikia maumivu. Desemba 2023 UN ilipitisha azimio 2719 linaloruhusu michango ya lazima ya nchi wanachama ilipie mpaka asilimia 75 ya bajeti ya operesheni za Umoja wa Afrika, zikiidhinishwa moja moja. Hilo likifanya kazi kweli, hii ndo ingekuwa chaguo langu la kwanza kwa mambo ya mpaka. Bila hela ya uhakika kikosi kinapungua, na kikipungua upande wa pili wa mpaka sisi ndo tunaohama vijiji. EASF, lile jeshi la akiba lenye makao Nairobi na nchi 10 ikiwemo Somalia, lilitangazwa kuwa tayari Desemba 2014. Kwenye karatasi limekamilika, na zuri lake ni kwamba Somalia imo ndani kama mwanachama, si kama mgonjwa wa kutibiwa.

Nimeiacha ya mwisho makusudi, mikataba ya baharini, kwa sababu ndo inayozungumzwa kidogo na ndo ningetaka muishike.

Chukua boti ya Kizingitini, futi ishirini na kitu, injini moja ya nje, watu wanne, wameenda nje ya mwamba mwezi wa sita kusi limeshika. Injini ikafa. Simu ina chaji lakini mtandao uliishia kule nyuma ya Kiwayuu. Nanga haifiki chini. Msimu wa kusi mkondo unakwenda kaskazini, kwa hivyo boti haiji nyumbani, inakwenda Ishakani, inakwenda Ras Kamboni, na kabla ya kesho kutwa imo kwenye maji ya Somalia ambako boti yoyote ya Kenya ikiingia kuitafuta inaweza kuchukuliwa kama imevamia, na hata wale wanne wenyewe wakionekana na doria watadhaniwa ni watu wengine. Mkataba gani kati ya hiyo yote niliyotaja unawasaidia hawa watu? Hakuna.

Unaowasaidia ni mkataba wa kutafuta na kuokoa watu baharini, uliopitishwa Hamburg 1979 na kuanza kutumika 1985. Huo unataka kila nchi iwe na kituo cha uokoaji, nchi jirani zipatane mipaka ya maeneo ya uokoaji, na muhimu kwetu, unataka nchi iruhusu haraka vyombo vya uokoaji vya jirani viingie kwenye maji yake kwa ajili ya kutafuta watu tu. Na aliye hatarini anaokolewa awe wa nchi gani, awe nani. Kituo cha kanda kipo Mombasa tangu 2006 na eneo lake linagusa maji ya Somalia. Kwa hivyo msingi upo, hatuombi jengo jipya. Kinachopungua ni huku mwisho: redio ya VHF kwenye boti, mtu wa kuisikiliza chaneli 16, ile ya kuombea msaada baharini, usiku Kiunga na Faza, na boti ya uokoaji yenye mafuta.

Jirani yake ni Kanuni za Djibouti za Januari 29, 2009, Kenya ikiwa kwenye waliosaini siku ileile. Hizi hazifungi mtu kisheria, ni ahadi ya kupeana habari za uharamia, na 2017 kule Jeddah zikapanuliwa ziguse uvuvi haramu, magendo na usafirishaji wa watu. Wengine huzidharau kwa sababu hazina meno. Mimi naona zina kazi, manake meli za kigeni zinazovua bila kibali ni janga la kila siku kuliko maharamia, na habari ikifika Mombasa ikitoka Seychelles mapema kuna cha kufanya.

Upande wa madai hii ya baharini ni myepesi, hakuna anayekuja na bunduki. Upande wa malipo kila nchi inajigharamia na hapo ndo udhaifu wake, mkataba unasema uwe na kituo, hausemi nani anunue mafuta ya boti.

Watu wa Malindi, nyinyi hesabu yenu ni tofauti kidogo na ya Lamu. Mpaka uko mbali, hatari yenu kubwa ni bahari yenyewe, boti za watalii na mawimbi. Ile tsunami ya Desemba 26, 2004 aliyekufa Kenya alikuwa mtu mmoja, upande wenu, na ni kwa sababu mawimbi yalichukua saa nyingi kufika na watu wakaondolewa fukweni. Mfumo wa tahadhari wa Bahari ya Hindi uliundwa mwaka uliofuata kupitia UNESCO na Kenya inapokea taarifa zake. Kwa hivyo nyinyi nguvu zenu ziende hapo na kwenye uokoaji: ikitoka tahadhari usiku wa manane, nani anaifikisha Mayungu na Ngomeni, kwa kipaza sauti cha msikiti au kwa simu. Mikataba ya kijeshi tuachieni sisi tuibishanie.

Kwa Lamu, kama mna nguvu ya kuandika kuhusu mambo mawili tu, la kwanza liwe uokoaji baharini, muombe utekelezaji na si mkataba mpya, na mtaje Kiunga, Kizingitini na Faza kwa majina. La pili liwe mikataba ya nchi mbili: yote inayoleta askari wa kigeni Lamu ipitie bungeni hata ikiitwa ya kiufundi, na iwe na kifungu cha madai. Kwa askari wetu kwenda nje, ungeni mkono UN na Umoja wa Afrika pale hela imethibitishwa kabla ya kuondoka. Wa jumla wa Ulaya ukiletwa, semeni bado.

Muda wa maoni ukitangazwa huwa ni mfupi sana, kwa hivyo msingoje kikao. Andikeni kwa Kiswahili, inaruhusiwa, Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Wekeni namba ya kifungu mnachokipinga, alafu chini yake maneno mnayotaka yaingie badala yake, jina la kikundi, sahihi, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.